Msimamizi wa Jina

Jina la tovuti yetu sitaliandika hapa. Wenzangu waliniambia niliweke wazi ili watu wajue tunazungumzia nini, nikakataa. Kwanza, kila nikilitamka damu inanichemka. Pili, mle ndani kuna habari za watu ambazo si za kila mpita njia. Nitasema tu kwamba ni neno la nyumbani, neno ambalo Muha na Mrundi wote wanalielewa bila kuuliza, na maana yake ni kurudi kwa mtu aliyekuwa mbali.

Kikundi chetu ni cha akina mama wa soko la Kasulu. Tulikuwa tunauza vitenge, dagaa na unga wa muhogo, na mazungumzo yetu yalikuwa hayo hayo kila siku: nani kapotelewa na nani. Huku kwetu ukimkuta mama amekaa kimya nyuma ya dagaa zake, usimuulize kama anaumwa, muulize nani hajaonekana. Watu walivuka kutoka Burundi wakapangwa kambini, kambi zikafungwa, wakarudishwa, wakavuka tena, wengine wakapandishwa ndege kwenda Kanada na Australia, na kila safari ndugu mmoja alipanda lori hili na mwenzake lile. Tukaanza kuandika matangazo ya kutafutana. Tulibandika karatasi milangoni mwa makanisa, na pale hospitali ya Kabanga, kwenye njia ya watu wanaokwenda kuona wagonjwa. Halafu mwenyekiti wetu, mjane mmoja mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde akasikia, akasema karatasi haifiki Kanada. Hapo ndipo tulipoanza kutaka tovuti, na barua pepe ya kikundi iliyobeba jina la tovuti hiyo.

Kazi ya kusoma barua na kuzijibu ilikuwa yangu. Simu yangu ilikuwa nzuri kuliko za wenzangu, shule niliipata kidogo, na Kirundi kwangu si lugha ya kujifunza, maana na Kiha chetu vinaelewana kama majirani. Mara kwa mara nilipanda gari kwenda Kibondo, nikaingia kambi ya Nduta kwa kibali, nikakaa karibu na bomba la maji kuandika majina ya watu waliokuwa wanatafutwa na wanaotafuta. Nilirudi Kasulu na vumbi hadi kwenye kope, lakini nilirudi na furaha. Nasema hivyo ili ieleweke kwamba hasira hii sikuzaliwa nayo.

Siku ya kusajili jina tulikwenda kwenye stesheneri moja mjini, karibu kikundi kizima, tumevaa sare. Mwenye stesheneri akafungua ukurasa wa kampuni moja ya Dar es Salaam inayosajili majina. Ukurasa ulikuwa wa Kiswahili, na hilo lilitufurahisha sana, tukajiona tumethaminiwa. Ukauliza mwenye jina ni nani. Tukaandika jina la mwenyekiti kwa niaba ya kikundi. Ukauliza fundi ni nani. Mwenye stesheneri akajiandika mwenyewe. Kisha ukauliza: msimamizi ni nani?

Hapo lazima nieleze, kwa sababu mtu wa mjini atatucheka. Kwake yeye msimamizi ni mtu wa kofia ngumu kwenye ujenzi wa barabara, au yule anayezunguka kwenye chumba cha mtihani. Kwetu sisi, watu tuliokulia kanisani, msimamizi wa kwanza unayemjua maishani ni yule aliyesimama nyuma yako siku ya ubatizo, akakuwekea mkono begani wakati unapewa jina. Analeta nguo nyeupe na mshumaa. Ukikua, unamsalimia kwa adabu kuliko wajomba zako. Na sisi siku ile tulikuwa tumekwenda kutoa jina! Mwenyekiti akapiga makofi.

"Ehe! Hata hawa wa Dar wanajua," akasema. "Jina linatolewaje bila msimamizi?"

Hakuna aliyepinga. Hata mwenye stesheneri hakupinga, kwa kuwa naye ni wa kanisa lile lile. Tukamwomba aiache kazi pale ilipofikia, tukatoka kwenda kutafuta msimamizi kama anavyotafutiwa mtoto: mtu wa ndoa ya kanisani, asiye mlevi, anayesikilizwa na watu. Tukampata mzee mmoja wa kanisa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kwenye barabara ya kwenda Kibondo. Alikubali huku machozi yakimlengalenga. Kesho yake alikuja na koti lake la Jumapili, mshumaa mkononi na kitambaa cheupe begani. Mshumaa ukawashwa pembeni ya kompyuta, mwenye stesheneri akihamisha karatasi zake kwa hofu ya moto, na kitambaa kikatandazwa juu ya printa. Namba ya simu ya mzee na barua pepe yake vikaingizwa kwenye nafasi ya msimamizi. Tukapiga vigelegele, tukanywa soda, tukaenda zetu.

Hatukujua tumempa nini mkononi. Kwenye taratibu za kampuni ile, msimamizi ndiye mwenye idhini ya kubadilisha kila kitu kilichoandikwa juu ya jina lile: anwani, simu, hata mstari wa mwenye jina. Sisi tulimpa heshima, wao wakampa ufunguo.

Sasa nimtaje mama wa kijiji cha Heru Juu, maana bila yeye hii ingekuwa habari ya kompyuta tu, na mimi nisingepoteza hasira zangu kwa kompyuta. Ni Mrundi kwa kuzaliwa. Alikuja akiwa msichana, akaishi kambini, akazaa binti na mume wa kwanza aliyefariki, kisha akaolewa na Muha wa Heru Juu, akawa mkulima wa muhogo na maharage kama wenzake wa huko. Binti alibaki kambini kwa shangazi yake upande wa baba, kwa sababu ukoo ulitaka hivyo. Wakati kambi inafungwa, mama huyu alikuwa amelazwa Kabanga na kichanga kinachoumwa. Aliporuhusiwa, akapanda bodaboda moja kwa moja hadi kambini, akakuta kuta za udongo na mbwa. Malori ya kurudisha watu Burundi yalikuwa yameshaondoka.

Watu walipoanza kuvuka tena na Nduta ikafunguliwa, alikwenda Kibondo mara nyingi, anapita kwenye foleni ya mgao akiangalia wasichana usoni. Huko ndiko tulikojuana. Nikaandika tangazo lake, likawekwa kwenye tovuti. Baada ya hapo kila siku ya soko alifika kwenye meza yangu na kapu lake la muhogo na kuuliza kitu kimoja.

"Umwana yaranditse?"

Mtoto ameandika? Namwambia bado. Anasema sawa, ananiachia muhogo mmoja, anaondoka.

Na mtoto akaandika. Nilikuwa nimekaa kwenye meza yangu ya vitenge, nikapiga ukelele hadi mteja akadhani nimeng'atwa na kitu. Alikuwa Kanada. Shangazi alikimbilia Uganda na familia yake, akafia huko, na msichana akapelekwa mbali pamoja na watoto wa shangazi. Alikuwa ameliona tangazo letu kwa rafiki. Lakini alikuwa mwangalifu, na namsifu kwa hilo, kwa sababu watu waliopoteza ndugu wanawindwa sana na matapeli. Akaandika kwamba, kama kweli huyo ni mama yake, aulizwe: radi ikipiga, alikuwa anamfunika na nini?

Nikamwachia jirani vitenge vyangu, nikapanda bodaboda hadi Heru Juu. Nilimkuta shambani, jembe mkononi. Nikamsomea. Alikaa chini kwenye tuta, akaweka mikono kichwani.

"Urutaro," akasema. Ungo. "Nilikuwa namfunika na ungo, mwana wanje. Anachungulia kwenye matundu, anaogopa na kucheka. Mwandikie. Mwandikie sasa hivi, ni jewe, ni mimi."

Nikaandika pale pale shambani, mtandao ukinisumbua, nikapanda kwenye kichuguu ili ujumbe utoke. Ukatoka. Ikabaki kusubiri jibu, jibu moja tu, na namba ya simu ambayo tuliomba aiweke ndani yake. Mama hakuwa na njia nyingine ya kumpata mwanawe duniani isipokuwa barua pepe ile.

Lakini wakati huo mzee wetu alikuwa ameanza kuvimba kichwa. Mwanzoni alikuja kwenye mikutano kama mgeni, anasali sala ya kufungua na kukaa kimya. Kisha akawa anakaa mbele. Kisha akaanza kusema "tovuti yangu". Mwishowe akataka kila tangazo lipite kwake kabla halijawekwa, hasa yale ya Nduta na ya Wakongo wa Nyarugusu, kwa sababu, kwa maneno yake, watu wa kambini wataleta matatizo na yeye jina lake limo. Mwenyekiti akamwambia matangazo ya watu wenye uchungu hayakaguliwi kama magunia ya mahindi kizuizini. Mzee akasema yeye ni msimamizi. Mwenyekiti, na ndimi zetu hizi za sokoni, akamjibu mbele ya wote:

"Mzee, nakuheshimu, ila msimamizi hanyonyeshi."

Tukacheka. Tulicheka sana, wengine hadi kushikana mabega. Mzee akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Tulidhani amekwenda kupunga upepo.

Asubuhi moja nikafungua barua pepe ya kikundi, ikakataa. Nikafungua tovuti, nikakuta ukurasa mweupe na mstari mmoja: jina hili limesimamishwa kwa ombi la msimamizi. Nikausoma tena na tena nikidhani macho yangu yana kasoro. Tulimweka asimamie, akasimamisha. Mwenye stesheneri alipochungulia zaidi akakuta mambo yamegeuzwa. Mstari wa mwenye jina haukuwa na mwenyekiti wetu tena. Ulikuwa na mzee. Simu ni ya mzee. Kila kitu mzee.

Nikapiga simu Dar. Akapokea dada mmoja mwenye sauti laini ya kufundishwa.

"Karibu, mama, nikusaidie nini?"

"Mmempa mtu jina letu."

Akaniuliza jina, akabofya, akarudi. "Mama, mabadiliko yamefanywa na msimamizi. Kwa taratibu zetu msimamizi ameidhinishwa kubadilisha taarifa."

"Hata kumfuta mwenye jina?"

"Ndiyo, mama, akiwa ndiye msimamizi."

"Dada yangu, wewe umebatizwa?"

"Samahani?"

"Msimamizi wako wa ubatizo anaweza kwenda akakufuta kwa baba yako, akakuandika kwake?"

"Mama, ubatizo gani tena? Hii ni domeni."

Nilichemka. Nikamwambia najua ni domeni, sijamuuliza kama ni mbuzi. Nikamuuliza kwa nini hawakumpigia mwenyekiti simu, kumwambia tu kwamba kuna mtu anataka kukufuta, je, unajua? Namba yake walikuwa nayo. Akasema taarifa hutumwa kwa msimamizi. Yaani mtu anavunja nyumba, halafu barua ya kusema nyumba imevunjwa inapelekwa kwa huyo huyo aliyeivunja! Nikamuuliza sasa tufanyeje. Akasema msimamizi arudishe mwenyewe, au twende mahakamani. Akanitakia siku njema. Siku njema! Simu ilikatika nikiwa bado namjibu.

Nimeifikiria sana habari hii, kuliko ninavyofikiria mambo yangu mwenyewe. Ukiniuliza leo nani aruhusiwe kubadilisha maneno yaliyoandikwa juu ya jina, nitakujibu bila kupepesa: asiruhusiwe mtu mmoja peke yake, awe nani. Awe mzee wa kanisa, awe mwenyekiti wetu tunayempenda, awe mimi. Mstari wa mwenye jina usiguswe mpaka mwenyewe aseme ndiyo kwa mdomo wake, na kikundi kikiwa ndicho mwenye jina, basi kikundi kikae, kiseme. Kila badiliko lipigiwe kelele kwa wote walioandikwa pale. Na hao wanaotunga kurasa zao Dar, kama wanaandika neno la Kiswahili, waeleze chini yake wanalielewa vipi, kwa sababu Kiswahili si cha ofisi yao peke yao. Kuna watu huku milimani wanakisoma na kukiamini.

Nilitegemea kikundi kisimame kama mtu mmoja. Wapi! Niliposema tumfute mzee kwenye mstari ule mara jina litakaporudi, baadhi ya akina mama wakashika vifua. Mmoja wao, mtu mzima, muuza mafuta ya mawese, akasema msimamizi hafutwi, ubatizo haurudiwi, tutajiletea balaa. Nikamwambia balaa tayari linauza saruji barabara ya Kibondo. Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyetukana kanisani. Tuligombana siku ile hadi sauti zikakauka, na waliokuwa wananunua dagaa wakawa wanatusikiliza bure.

Na huku siku ya soko inafika, na mama wa Heru Juu anafika na kapu lake.

"Umwana yaranditse?"

Nilimweleza ukweli. Nikamwambia barua haziwezi kuingia, mzee amefunga mlango. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Kwani mtoto ni wake?" akauliza.

Tukaenda wote wawili kwa mzee. Alitupokea vizuri, na hilo ndilo linaloniuma mpaka kesho. Akatuletea viti, akaagiza soda, akamuuliza mama habari za muhogo na za yule kichanga wa zamani aliyekuwa Kabanga. Kisha akasema, kwa upole kabisa, kwamba yeye hana ugomvi naye.

"Mimi nilidharauliwa mbele ya watu, mama. Nilichekwa. Mwenyekiti aje hapa, aseme kwa mdomo wake kwamba alikosa. Jina nitalirudisha siku hiyo hiyo."

"Na mwanangu, mzee?"

"Mtoto atasubiri kidogo. Mbona amesubiri miaka yote hii."

Nilikuwa na chupa ya soda mkononi, na Mungu anisamehe kwa nilichotaka kuifanyia. Mama aliniwekea mkono kwenye goti. Aliitua chupa yake chini bila kuinywa, akasema asante, tukatoka.

Mwenyekiti alikataa kwenda. Alisema hawezi kumwomba radhi mwizi. Nilimwelewa, mimi mwenyewe nisingeenda. Siku zikapita, nikamwona anapungua sauti, anajibu watu kwa kichwa. Halafu akaenda. Hakutuambia, lakini Kasulu si mji wa kuficha kitu. Alikwenda asubuhi kweupe, duka limejaa, akapiga magoti pale kwenye sakafu yenye vumbi la saruji kama tunavyopiga magoti kwa wakwe, akamsalimia, "Mwakeye, mzee," kisha akasema, "Nilikosa." Mwanamke yule aliyezika mume, akasomesha watoto kwa dagaa, akatutafutia watu waliopotea nchi tatu. Mzee akamshika mkono kumwinua, akasema yamekwisha, sisi ni ndugu. Nasikia alikuwa na furaha. Mimi niliposikia nilikwenda nyuma ya kibanda changu nikalia kwa hasira, si kwa huzuni, na mtu asiniambie ni kitu kimoja.

Mzee alitimiza ahadi. Alikwenda stesheneri, akaandika kwa kampuni, jina likarudi kwa mwenyekiti. Hatukumwacha kwenye mstari wa msimamizi hata saa moja. Muuza mawese alijitenga, akasema yeye hayumo. Sasa hivi pameandikwa kikundi, na tumewaandikia watu wa Dar kwamba wakipokea ombi lolote bila sahihi za mama watatu tuliowataja, walitupe. Walijibu kwamba wamepokea maoni yetu. Maoni!

Barua pepe ilifunguka. Nilikaa na simu mkononi nikisubiri zile zote zilizotumwa wakati tumefungiwa zimiminike. Hazikuja. Mwenye stesheneri akaniambia barua zilizofika mlango umefungwa humrudia mtumaji, hazikai nje kusubiri. Iliingia moja tu, ya mwisho, iliyotumwa baada ya jina kurudi. Ilitoka Kanada. Ilikuwa ya Kirundi, naiweka hapa kwa Kiswahili jinsi ninavyoweza.

"Nimewaandikia nikachoka. Nilipopata habari ya urutaro nililia, nikawatumia namba yangu ya simu siku ile ile. Ikarudi. Nikatuma tena, ikarudi. Inasema anwani hii haipo. Hapa kuna mtu anayejua mambo haya, amenieleza kwamba matapeli ndivyo wanavyofanya, wanakuonjesha kidogo halafu wanafunga. Lakini urutaro hamngeweza kuutunga. Nafikiri mama aliwasimulia kabla hajafa. Sina kinyongo na ninyi. Leo najaribu mara ya mwisho. Kama mlimjua, niambieni tu mmemzika wapi, ili siku moja nije niweke ua. Baada ya hapa sitaandika tena, na namba yangu nimebadilisha."

Nilimjibu kabla sijavuta pumzi. Nikamwambia mama yako mzima, yuko Heru Juu, analima. Nikampiga mama picha akiwa ameshika ungo, nikatuma. Nikatuma sauti yake. Nikatuma namba yangu, ya mwenyekiti, ya kila mtu niliyemfikiria. Na ninapoandika haya bado hajajibu. Ningekuwa yeye, pengine nami nisingejibu. Ameonjeshwa mama mara moja, akafungiwa mlango, na sasa wale wale wanamletea picha.

Lakini siku ile barua ilipoingia, kabla ya picha na sauti, mama wa Heru Juu alikuwa njiani kuja sokoni. Nilifikiria kumficha. Nikaona nitakuwa kama mzee, nakagua barua ya mtu. Alipofika nikamsomea yote, kwa Kirundi chake. Hakulia.

"Subira," akasema, yaani rudia kwa Kirundi.

Nikasoma tena. Aliweka kapu lake chini ya meza yangu, akakaza kitenge kiunoni, akaniomba simu. Nikajua anakwenda wapi, nikamfuata.

Dukani kulikuwa na watu wananunua misumari na bati. Mzee alipotuona alitabasamu, akauliza kama mtoto ameandika. Mama akamwekea simu kwenye meza ya kuuzia.

"Soma," akasema. "Soma kwa sauti, mzee."

Mzee akavaa miwani. Kirundi anakisoma vizuri, na kwa kuwa ni msomaji wa kanisani, alianza na ile sauti yake ya masomo ya Jumapili, wateja wakageuka kusikiliza. Alipofika kwenye anwani kutokuwepo sauti ikashuka. Alipofika kwenye "kabla hajafa" akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati.

"Endelea," mama akasema.

Akaendelea, sasa kwa sauti ya kunong'ona, hadi mwisho. Akaisogeza simu kwetu kwa kidole kimoja. Mteja mmoja akaacha misumari yake na kutoka nje.

"Mama," mzee akasema, "mimi sikujua."

Mama akairudisha simu mbele yake.

"Mjibu wewe," akasema. "Mwambie umenizika wapi."